Rangi Ikiwa Nyekundu, Mama Hali

Swali lililoninyima usingizi wiki nzima lilikuwa la aibu hata kulitaja: asubuhi nimpe mama mkojo wangu, au nimpe maji ya mfereji?

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, nimerudi kwa wazazi wangu mtaani Umoja nikiwa na shahada pamoja na ugonjwa wa sukari ulionipata mwaka wa mwisho wa masomo. Kliniki walitufundisha mimi na mama kupima nyumbani kwa njia ya miaka ile ya tisini. Unatia dawa ya buluu katika kijichupa chembamba cha kioo, unadondosha matone ya mkojo, unachemsha. Ikibaki buluu, shukuru. Ikigeuka kijani, si vibaya sana. Halafu njano, halafu chungwa, na mwisho nyekundu kama tofali. Mama ndiye aliyechemsha. Alikishika kijichupa kwa kibanio cha nguo juu ya stovu, midomo ikicheza kwa maombi, nami nikisimama mlangoni kama mtu anayesubiri hukumu.

Baba, dereva wa ofisi moja mjini, alijaribu kutuchekesha. "Leo taa ni gani?" aliuliza akifunga viatu. "Nyekundu? Basi simama hapo hapo, usivuke."

Mpangaji wetu, kondakta aliyekodi chumba tulichoongeza uani, alisikia yote kupitia ukuta wa mabati. Alinikuta nikianika nguo. "Niaje, msomi. Nasikia leo ni red tena. Kwani jana ulimeza keki ya harusi?"

Sikuwa nimemeza keki. Nilikuwa nimekula kipande cha ugali nilichopimiwa, sukuma wiki, na chai isiyo na sukari. Sindano ya insulini nilijidunga kwa wakati wake. Hilo ndilo lililonimaliza. Ningekuwa nimeiba andazi, ningelijua kosa langu na kuliacha. Lakini nilifanya yote na bado rangi ikawa ya tofali, nikabaki kujipekua kama askari anayetafuta bangi: ni lile embe? Ni kukaa sana? Nesi aliniambia hata wasiwasi unaweza kupandisha sukari. Tangu siku hiyo nikawa na wasiwasi juu ya wasiwasi wangu.

Hayo pengine ningeyazoea. Ila mama aliweka nadhiri. Wanawake wenzake wa maombi walimwambia kwamba mzazi anaweza kumbebea mtoto mzigo kwa kufunga, naye akaamua: siku rangi ikitoka nyekundu, hatatia kitu kinywani ila maji mpaka jua litue. Hakuniuliza. Nilijua tu alipofunika sahani yake na kusema, "Wewe kula, mwanangu. Sindano haingoji."

Basi nilikula. Sikuweza kukataa, maana ukishajidunga usipokula unaanguka. Nilitafuna nimeinamisha kichwa mbele ya mtu mwenye njaa, njaa iliyotoka mwilini mwangu. Siku za nyekundu zikafuatana. Sketi ya mama ikahitaji pini kiunoni. Mimi nami nilikuwa nimekonda tangu chuoni, na miaka ile mtu akikonda mtaani, majirani hawakumuuliza anaumwa nini. Walijijibu wenyewe: ukimwi. Sasa walituona wawili, mama na binti. Muuza mboga aliyenijua tangu utotoni akaanza kuniwekea chenji juu ya meza badala ya kunipa mkononi.

Nikaanza kufikiri kwamba nyumba ile ingekula vizuri kama nisingekuwemo. Wazo hilo halikunijia kwa kilio. Lilikuja kama hesabu, nami sikumwambia mtu.

Kisha mama akaanguka. Nilimsikia kondakta akipiga kelele nje: "Msomi! Mathe ameanguka hapa kwa gate!" Tulimwingiza ndani mimi na yule kijana, tukimshika huku na huku. Nilipomletea mama uji, aligeuza uso. "Jua bado," akasema.

Ndipo nikaanza kuyawazia maji ya mfereji. Maji hayana sukari. Yangebaki buluu, na mama angekula. Lakini angeinuka kanisani kushukuru, wenzake wangesema nimepona, na huenda siku moja mtu angeuliza sindano ni za nini tena. Nami nisingejua kamwe hali yangu. Hata hivyo nilitamani kuiona buluu, hata ya uongo.

Asubuhi moja nilisimama mferejini na kikopo mkononi, maji yakipita. Nikaufunga. Nikaingia jikoni na kikopo kitupu.

"Leta," mama akanyoosha mkono.

"Mama, leo nitachemsha mwenyewe. Wewe hutaiona."

"Unanificha?"

"Nakuficha."

Aliniangalia kana kwamba nimemfukuza nyumbani kwake. "Basi nitafunga kila siku," akasema taratibu, "maana sitajua."

Wiki nzima ya kufikiri, na hilo sikulifikiria. Nikasema jambo ambalo sikuwa nimepanga kulisema.

"Nimechoka, mama. Sindano nitajidunga, chakula nitapima. Lakini siwezi kula njaa yako. Ukiendelea, ipo siku nitaacha vyote, na sijui kama nitajuta."

Baba alikuwa mlangoni, kiatu kimoja mkononi. Hakutaja taa. Mama alikaa juu ya kigoda, kibanio kikamponyoka vidoleni.

Nilikiokota. Nikachukua kikopo, kijichupa, dawa ya buluu na stovu yenyewe, nikaenda navyo chumbani kwangu, nikafunga mlango kwa komeo. Nilikojolea kikopo, nikapima. Niliiona rangi. Niliimwaga chooni, nikaosha kioo, nikajidunga sindano, nikarudisha stovu jikoni, nikapasha uji, nikamimina vikombe viwili, nikaketi mbele yake nikingoja anywe kwanza.