Mutoto Aliita Koko, Mimi Nikamwita Mulozi

Ndugu wa ukurasa huu, ninawaomba mufiche jina langu. Niko mama wa miaka makumi ine na mbili, wa misa ya kila asubui, ninakaa Nyalukemba. Masomo yangu iliishia primaire, mutanisamehe maandiko.

Miaka tatu imepita tangu kijana wangu, mwenye miaka tano, alianguka tena na homa na maumivu ya mifupa. Ilikuwa vile karibu kila mwezi. Siku tatu alilia tu: "Koko! Koko!" Koko ni mama ya bwana yangu, mwenyeji wa kule Walungu, lakini wakati ule alikaa karibu na sisi, ndiye alimulea wakati mimi niko ku soko. Jirani akaniambia: "Maman, hii si ya dispensaire." Basi nikaficha rozari mu soutien, ku kifua, nikaenda kwa mulaguzi mumoja kule Kadutu. Akaangalia maji mu sahani, akauliza: "Mutoto anaita nani?" Nikasema koko yake. Akacheka. "Sasa unatafuta nini kwangu? Amekwisha kukuonyesha. Jina lenye mugonjwa anaita, ndiye mulozi anamukula."

Koko alifika siku ile ile na maziwa. Sikumufungulia. Mutoto alisikia sauti yake inje, akanyoosha mikono, akaita. Nikamufunika kinywa na mukono wangu. Kesho yake alikufa.

Ku kilio nilisimama mbele ya watu wote: "Mutoto alitaja mwenye kumuua. Alisema koko." Habari ya mulaguzi nikaimeza. Bwana yangu, commis wa ofisi, mutu wa kalamu, akamushika mama yake ku shingo, akamutupa mu matope. Wamama wakapiga kelele: "Muzee, umeshiba? Nyama ya mujukuu iko tamu?" Nami nilicheka. Ndiyo, nilicheka.

Sasa binti yangu mudogo ameanza maumivu yale yale. Docteur alimupima damu, akaniambia: "Maman, ugonjwa huu hautumwi na mutu. Alizaliwa nao. Nusu ulitoa wewe, nusu alitoa papa yake." Nyumbani nikasema ni malaria.

Juma lililopita nilienda Walungu. Koko analala mu kibanda cha mbuzi, hata moto majirani hawamupi. Nilipiga magoti, nikamwambia yote. Nilingoja laana. Aliuliza tu: "Aliniita mara ngapi?" Nikasema, siku zote tatu. Akafunga macho. "Basi umwambie bwana yako, mutoto wangu, akuje kunizika. Sina siku nyingi."

Padri mwenye niliungama kwake anasema niseme mbele ya wale wenye walisikia uongo wangu. Lakini bwana ameapa: mwenye atataja mama yake mu nyumba, atatoka na mizigo yake. Dawa za binti zinatoka ku kazi yake. Nikinyamaza, koko atazikwa na wageni, kama mulozi.

Jana habari imefika: koko hakuli tena. Mara mbili nimefungua kinywa mbele ya bwana, nikaishia kuomba chumvi. Munishauri mbio, wapenzi. Nianze na neno gani? Na akinifukuza, nipeleke huyu mutoto kwa nani?