Nimepiga kelele "Maji yametoka!" na majirani wakatoka na ndoo

Jamani, leo nimewatia majirani zangu wa mtaani Mishomoroni mbioni bure.

Nilikuwa chumbani peke yangu, kama kawaida. Ndani ya laptopu yangu nimeweka kompyuta nyingine ya kuigiza, yenye mfumo wa Linux, na humo programu ya bure inayoonyesha maji yanavyopita ndani ya bomba.

Wiki nzima imenigomea. Leo mchana ikakubali, maji yakaanza kwenda!

Nikaruka. "Yametoka! Maji yametoka!"

Nikasahau kwamba mifereji yetu imekauka tangu juzi.

Kufungua mlango, kina mama wamejaa uani na ndoo zao.

"Shikamoo, Bi Zuhura," nikamwambia jirani yangu wa mlango wa pili.

"Marahaba. Yako wapi hayo maji?"

"Yamo... kwenye kompyuta."

Wakacheka, wengine wakaguna, wakarudi ndani. Bi Zuhura peke yake aliingia, akayatazama maji kwenye skrini kwa utaratibu.

"Mashallah, mazuri. Umeshamwonyesha nani mwengine?"

"Wallahi, ni wewe tu."

Akanishika bega, akaenda zake kupika.

Nyinyi jambo likiwanyookea, wa kwanza kumwambia huwa nani?