Wazee wa Kaloleni Hawaitiki Mwito wa Kwanza

Saa tatu asubuhi, Elsie Nabwire anasimama mbele ya mlango wa kijani mtaani Kaloleni, Kisumu, ndoo ya uji mkononi, na kuita.

"Dani Rachael."

Hakuna jibu. Ndani kuna mtu. Kitu kinakwaruza sakafu, kisha kinanyamaza. Elsie habishi mlango wala hausukumi. Anaitua ndoo chini, anafuta mikono kwa leso, anangoja. Jirani anayepita na mtungi wa maji anapunguza mwendo.

"Dani Rachael," anaita mara ya pili.

"Ingia, nyathina, mwanangu."

Sauti inatoka karibu sana. Dani, yaani bibi, alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote, fimbo mkononi, akisikiliza.

Ndivyo Elsie anavyoingia kila nyumba. Ana miaka arobaini na sita, na kazi yake ni kuwatunza wazee waliobaki peke yao: kuwaogesha, kuwalisha, kuwapa dawa, kuwakata kucha. Wengi wao ni Wajaluo, na walikanywa tangu wadogo kwamba ukiitwa jina lako kutoka nje, na anayekuita humwoni, usiitike mara ya kwanza. Mtu aliye hai ataita tena. Kisicho mtu huita mara moja tu.

"Mimi si Mjaluo, ni wa Samia. Kwetu ukiitwa unaitika, mambo yameisha," anasema Elsie. "Hapa nilifundishwa. Nikaona si jambo la kubishana. Nyumba ni yake, masikio ni yake."

Zamani kungoja hakukuwa shida. Mpango wa umma wa kuwatunza wazee ulikuwa na wahudumu wanne. Palikuwa na ukumbi ambako wazee walikunywa chai saa nne na kuzozana juu ya mpira. Palikuwa na gari, na dereva wake Griffins aliyewabeba wasioweza kutembea, akiwaita mabibi harusi.

Bajeti mpya ilipokuja, fungu la wazee likakatwa. Gari likarudishwa. Ukumbi ukatiwa kufuli. Wahudumu wawili wakaenda kutafuta riziki kwingine, wa tatu akaolewa Migori. Posho ya Elsie, shilingi elfu tano kwa mwezi, ikakoma bila kuaga.

Yeye akabaki. Anauza mboga jioni, na asubuhi anazunguka nyumba zilizokuwa zikihudumiwa na watu wanne.

"Ningeacha vipi? Wiki ile ya kwanza nilipita saa nne, nikakuta vikombe vimewekwa mlangoni. Nyumba hii kikombe, nyumba ile kikombe. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Walikuwa wanangoja chai."

Basi ilikuwa baada ya ukumbi kufungwa ndipo wazee walipoanza kusema wanaitwa.

Wa kwanza alikuwa Rachael. Alimwambia Elsie, huku akipakwa mafuta miguuni, kwamba jana mchana alisikia jina lake nje. Mara moja. Hakuitika. Elsie akadhani ni upweke, maana upweke nao una sauti zake. Wiki iliyofuata akasikia habari ile ile kwenye nyumba nyingine, kwa mama asiyetoka kitandani na asiyejuana na Rachael.

"Nikamuuliza, sauti ya nani? Akanitazama kama namfanyia mzaha. Akasema, yako."

Rachael, aliyekwisha kukaa na kikombe chake, anadakia.

"Ni yake kabisa. Lakini haina haraka. Huyu siku hizi ana haraka, anaita huku mguu mmoja uko njiani. Ile inaita pole pole, kama alivyokuwa akiita zamani gari lipo." Anapuliza uji. "Ni nzuri kuisikia. Hilo ndilo baya lake."

Elsie ni mtu wa kanisa. Hakutaka kuzungumza sana mambo hayo, akaendelea na kazi. Lakini nyumba zilikuwa nyingi kuliko asubuhi, na mvua za Aprili zilipoanza, kila kitu kikawa kizito zaidi.

Jumanne moja alifika kwa Mzee Dalmas Odongo, fundi wa zamani wa reli mwenye miaka themanini na kitu, anayeishi peke yake chumba cha mwisho cha safu. Mvua ilikuwa inamwagika. Uji ulikuwa unapoa. Akaita, "Mzee Dalmas." Kimya. Akakumbuka kwamba binti yake Jacinta, aliyeolewa Katito, alisema angekuja kumchukua akae naye msimu wa mvua. Elsie akajiambia, basi amekuja.

Hakuita mara ya pili. Akajifunika leso kichwani, akaenda.

Siku iliyofuata hakuwa Kisumu. Alienda Kombewa kumzika shemeji yake, akalala huko matangani. Alhamisi asubuhi alirudi, akapita tena kwenye mlango ule bila hata kujua kwa nini. Akaita. Akangoja. Akaita tena.

"Niko chini," sauti ikajibu.

Mzee alikuwa sakafuni tangu Jumatatu usiku. Aliteleza, nyonga ikavunjika. Alikuwa akinywa maji ya beseni la kunawia, akilivuta kwa ukingo wa kanga kuukuu.

Elsie anasema alichouliza, huku akilia, ni kimoja tu: Jumanne hakumsikia?

"Nilimsikia vizuri," anasema Mzee Dalmas mwenyewe, sasa akiwa amerudi kutoka hospitali, amelala kwenye godoro lililosogezwa karibu na dirisha. "Nikanyamaza. Nikasema moyoni, akiita tena nitapiga kelele mpaka ziwani. Hakuita. Nikajua si yeye, na tangu hapo sikuthubutu kutoa sauti, isije ikajua nimo ndani."

"Lakini nilikuwa mimi, Baba."

"Jumanne, sawa, nimekubali ulikuwa wewe." Mzee anageuza uso kutazama ukuta. "Na Jumatano?"

Jumatano Elsie alikuwa Kombewa, kaburini, na kanisa zima lilimwona.

Mtu angeweza kusema ni homa, ni maumivu, mzee aliota. Elsie mwenyewe alisema hivyo, mpaka alipozungumza na Karanja, muuza viazi kutoka Nyeri, ambaye ukuta wake na wa mzee ni mmoja.

"Mimi Jumatano sikwenda sokoni, mvua," anasema Karanja. "Mchana nikasikia Mama Elsie anaita, 'Mzee Dalmas.' Mara moja, taratibu. Nikasema kwa sauti, Mama, huyo si ameenda kwa binti yake? Kimya. Nikafungua mlango nimsalimu. Hakuna mtu. Kuku wangu walikuwa wamesimama kwenye mvua, wote, wanatazama mlango wa mzee. Kuku hawasimami kwenye mvua."

"Na hukwenda kumwangalia?" Elsie anamuuliza. Si mara ya kwanza kumuuliza.

"Nilirudi ndani nikafunga. Sikudanganyi."

"Huyu ukimwita kuuliza bei ya viazi anaitika kabla hujamaliza," Mzee Dalmas anasema kutoka godoroni. "Siku hiyo ndiyo akawa Mjaluo."

Wanacheka wote watatu, kidogo, halafu wanaacha.

Tangu hapo Elsie amekwenda mara kadhaa kwenye ofisi iliyosimamia ule mpango wa wazee. Aliambiwa shida ya wazee inaeleweka, fungu ndilo halipo, arudi bajeti nyingine ikisomwa. Akawaomba wazee wenyewe waitike mwito wa kwanza, maana yuko peke yake, amechoka, na siku moja atakosea tena. Hakuna aliyekubali.

"Nyar Samia, binti wa Samia, wewe ukikosea nitalala chini siku tatu," Mzee Dalmas alimwambia. "Nikikosea mimi, nikaiitika ile nyingine, je?"

Daktari amesema mzee akianguka tena hatainuka. Jacinta alikuja kutoka Katito kumchukua, mzee akakataa. Anasema hawezi kuhama nyumba ambamo jina lake linaitwa, maana hajui ile sauti itamfuata nani njiani.

Kwa hiyo Elsie ameanza kupanga zamu za kukaa na wazee. Amezungumza na wanawake wa kanisa, mmoja kwa kila safu, na watatu wamekubali. Karanja naye amejitolea Ijumaa, kwa sharti kwamba asiachwe peke yake na ule mlango. Bajeti ikija kusomwa, Elsie anataka awapeleke wazee wenyewe kikaoni, hata kwa mkokoteni, wakae viti vya mbele waonekane kwamba bado wapo.

Jumatano ameichukua yeye. Siku hiyo hazunguki popote. Anaingia kwa Mzee Dalmas asubuhi, anafunga mlango, anapika humo humo, anachambua mboga zake za kuuza jioni, na wanakaa.

"Nimekwisha kuisikia?" Elsie anarudia polepole swali aliloulizwa. "Wiki iliyopita, mchana. Ilimwita. Ni sauti yangu, siwezi kukataa. Mzee akanishika mkono, akanitazama mdomo, nao umefungwa."

Anakatakata sukuma wiki, kisu kikienda bila kelele.

"Sijui inataka nini. Labda inafanya kazi niliyoshindwa. Lakini nataka kila mzee wa hapa, ikimwita, awe na mtu amekaa naye ndani, ajue aliye hai yumo humo, na wa nje si mtu. Hilo tu. Nikipata watu kumi nitalala."