Majimbi ya Changzhou

Mke wangu alikuja Guangzhou mwezi wa sita, mvua zikiwa zimekolea. Tulikuwa tumeoana miaka miwili na ushei, lakini siku tulizolala chini ya paa moja hazikufika hata mwezi. Nilimuoa nikiwa likizo Unguja, wiki ya tatu nikarudi kazini, na tangu hapo ndoa yetu ikawa ya simu. Nilimjua sauti. Nilijua kwamba akikasirika hukohoa kidogo kabla ya kusema, na akifurahi maneno humtoka mbiombio. Mengine yote nilikuwa sijui.

Nilikuwa nimepanga chumba Xiaobei, hatua chache kutoka jengo la Tianxiu, ambako nilikuwa na ofisi ndogo ya kusafirisha mizigo ya wafanyabiashara wa kwetu. Alipofika sikutaka apate tabu hata kidogo. Asubuhi nikimletea chai ya maziwa na chapati kutoka mkahawa wa Waswahili, mchana wali na samaki, jioni nikimtembeza mle mle Tianxiu, nikimjulisha kwa watu wa Dar na wa nyumbani. Wiki nzima hakukutana na neno asilolijua. Nikajiona mume mwema.

Siku ya tisa alikuwa anakunja kanga kitandani. Akaniuliza, "Mji huu una mto, sivyo? Niliuona kutoka kwenye ndege."

"Upo."

"Uko wapi?"

Nilinyanyua mkono nimuonyeshe upande, nikakuta sijui ni upi. Nimeishi pale miaka sita. Njia ya Liuhua kwenye nguo za jumla naijua, ya Shiling kwenye mikoba naijua, na ya bohari ninakopakilia makontena. Huo mto nilikuwa nimeuvuka mara nyingi juu ya madaraja, nimo garini, macho kwenye simu.

Akakohoa kidogo. "Na wewe ndiye uliyenihadithia habari za wale wageni wa hotelini."

Nilimhadithia kweli. Kabla ya China nilikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya ufukweni, kaskazini ya Unguja. Wageni walikuwa wanalipa kila kitu kwao huko, wakifika wanavishwa ukanda wa plastiki mkononi, na kwa ukanda ule wanakula na kunywa mpaka siku ya kuondoka. Wengi hawakutoka nje ya geti. Mara moja bibi mmoja wa Kizungu, begi lake limeshapakiwa garini, aliniuliza nyuma ya ukuta kuna nini. Nikamwambia, "Kwetu." Akatazama ukuta, akatazama saa, akaniaga. Kila nilipokihadithia kisa hicho, nilikuwa nawasikitikia wale watu.

Jumapili nikafunga ofisi. Mke wangu alikuwa ameshatafuta kwenye ramani ya simu yake, akaweka kidole juu ya kisiwa katikati ya Mto wa Lulu, kinaitwa Changzhou. "Hapa," akasema. Ikawa hata treni ya chini ya ardhi inayopita Xiaobei inakwenda moja kwa moja mpaka Yuzhu, karibu na kivuko. Miaka sita napanda treni ile na kushuka vituo viwili vitatu mbele.

Feri ilijaa pikipiki za umeme na vikapu vya mboga. Hatukukaa hata robo saa tukawa tumevuka. Ng'ambo kulikuwa na vichochoro, nyumba kuukuu za matofali, na matunda mekundu yamening'inia juu ya kuta. Mzee mmoja aliyekuwa anayachuma alimpa mke wangu kishada. Akamenya moja, akaonja, akafunga macho.

"Shokishoki," akasema. "Lakini imenyolewa."

Nilicheka; shokishoki za kwetu zina nywele ganda zima. Sikukumbuka lini mara ya mwisho nilicheka mbele yake, si kwenye simu.

Mbele kidogo akasimama ghafla kando ya kiwanja chenye majani mapana ya kijani. "Majimbi haya," akasema, akainama kuyashika. Hapo ndipo mvua ilipotushukia, ile ya Guangzhou isiyotoa onyo. Tukakimbilia baraza ya nyumba ya karibu, na pale barazani alikuwepo bikizee kwenye kibao cha chini, beseni mbele yake, anamenya hayo hayo majimbi. Hakushtuka. Alitusogezea vibao viwili. Mke wangu hakukikalia chake mpaka alipookota kisu kilichokuwa ndani ya beseni, akaanza kumenya.

Bikizee akatazama mikono ya mke wangu, akaitikia kwa kichwa. Baada ya muda akaingia ndani, akarudi na sahani ya majimbi ya kuchemsha na sukari guru. Mimi ndiye niliyejua Kichina, basi nikafungua mdomo. Kikatoka kile ninachokisema kila siku sokoni: "Duoshao qian?"

Bikizee akapunga mkono, uso umemwiva kidogo.

"Umemwambia nini?" mke wangu akauliza.

"Nimemuuliza bei."

Akaacha kumenya. "Mtu amekukaribisha kwake, unamuuliza bei?"

Nikatafuta neno jingine. Najua ghali, najua punguza, najua namna ya kumwambia laoban, bosi wa duka, kwamba mzigo wake mbovu. Namna ya kumuuliza bibi kama ana watoto, au anaishi na nani, sikuijua. Nikasema xiexie, ahsante, mara tatu. Akanisamehe, nadhani, kwa sababu aliniongezea sukari.

Bikizee aliporudi ndani, mke wangu akasema bila ya kunitazama, "Nilishamwambia mama nitarudi Alhamisi."

"Alhamisi hii? Kwa nini?"

"Nilikuja kukaa na wewe. Nimekaa na chapati."

"Nilidhani unastarehe."

"Unaleta tu. Hujaniuliza hata siku moja nataka nini."

Mvua ilikuwa inapiga vigae. Sikujitetea. Nikamuuliza, "Unataka nini?"

Akafikiri. "Sasa hivi nataka mikono iache kuwasha."

Utomvu ulikuwa umemuingia. Bikizee alipoona anavyojikuna, akaleta siki kwenye bakuli, akanikabidhi mimi, akaonyesha mikono ya mke wangu kisha yangu. Hilo nililielewa bila ya mkalimani. Nikampaka kidole kimoja kimoja, polepole. Kwenye dole gumba alikuwa na kovu refu ambalo sikuwahi kuliona.

"Hili la nini?"

"Mbuzi. Nilikuwa na miaka tisa."

"Mbuzi alikung'ata?"

Akanitazama, akaanza kucheka mpaka bikizee naye akacheka bila ya kujua sababu. "Mbuzi ya kukunia nazi, bwana wee."

Akanisimulia habari ya nazi ile, na ya nyanya yake aliyemfunga kidole kwa kipande cha leso, na ya skuli aliyokosa wiki nzima. Maneno yalimtoka mbiombio. Mimi niliendelea kumpaka siki hata baada ya muwasho kwisha, naye hakuondoa mkono.

Kwenye feri ya kurudi alimpigia mama yake, akamwambia Alhamisi asije uwanja wa ndege.

Alikaa mpaka siku ya mwisho ya viza. Kila Jumapili alichagua yeye pa kwenda, na mara nyingi tulipotea. Alipoondoka, chumba kilinishinda. Kabla ya Ramadhani nilimwachia mwenzangu ofisi, nikarudi Unguja. Siku hizi nakwenda Guangzhou kwa wiki mbili tatu tu, mizigo inapokuwa mingi, na bado najifunza Kichina cha kumuuliza mtu hali yake. Mke wangu hunisahihisha matamshi, ingawa yeye mwenyewe anakosea.