Mabenchi Matupu Siku ya Chanjo

Siku niliyofungua duka langu la kwanza la saruji na mabati pale Barani naikumbuka vizuri, mwanangu, lakini haijanikaa moyoni kama siku nyingine ya nyuma sana, nilipokaa peke yangu kwenye banda la makuti na mabenchi matupu, nikingoja watoto ambao hawakuja. Nimesikia umechaguliwa kuwa mhudumu wa afya wa kijiji chenu, yule anayekaa kati ya nyumba za watu na zahanati. Nimesikia mmeitwa semina Kilifi, mkapewa mikoba, makoti yenye maandishi mgongoni na simu za kuandikia habari za wagonjwa. Vizuri. Vipokee vyote. Lakini keti kidogo nikwambie jambo ambalo sidhani limetiwa kwenye mkoba huo.

Mimi unanijua. Darasa la nne ndilo lililoniona mara ya mwisho, na leo wenye digrii zao wanakuja dukani kuniuliza msingi wa nyumba uchimbwe vipi. Nyumba ninayokaa ni ya ghorofa, nimeisimamisha mwenyewe, na ukishika njia ya Watamu kuna jengo jingine ambalo silitaji, watu wasije wakasema najisifu. Nayasema haya ujue kwamba anayekuusia si mtu aliyeshindwa na maisha.

Basi miaka ile ya themanini, kabla sijashika hata koleo la kuchanganyia saruji, nilikuwa kijana wa kijijini, huko ndani kupita Ganda, kwenye mihogo na minazi. Zahanati ilitaka kila kijiji kitoe mtu mmoja wa kuwa kiungo. Baraza likakaa, nikachaguliwa mimi. Wapo wanaosema nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na baiskeli. Waseme. Kijijini baiskeli zilikuwa mbili, na mwenye ile nyingine hakuchaguliwa.

Tukapelekwa Malindi kufundishwa. Tulikunywa chai ya maziwa kila asubuhi kama watu wa arusini. Tukaonyeshwa jinsi ya kumchanganyia maji ya chumvi na sukari mtoto anayeharisha, kuosha kidonda na kukifunga, na kumjua mtoto mwenye surua kabla vipele havijaenea. Nikarudi nyumbani na mkoba wa turubai, bendeji, chupa ya ile dawa ya zambarau, na karatasi kubwa yenye picha ya mama ananyonyesha. Ule mkoba niliuvaa hata nikienda kisimani.

Sasa lile ambalo mwalimu wa semina hatakwambia ni hili: kazi hiyo ina upweke. Zahanati waliniita mtu wa kijijini, na nikifika walinikalisha nje pamoja na wagonjwa. Kijijini nako wakaanza kuniita mtu wa serikali. Vijana wenzangu niliokuwa nikicheza nao bao wakiniona naja walibadilisha mazungumzo. Mama yangu alikuwa ameshafariki, baba yuko Mombasa bandarini na nyumba nyingine. Jioni nilichemsha muhogo wangu nikaula nikiitazama ile picha ya mama ananyonyesha, niliyoibandika ukutani. Usicheke. Ndiye mtu tuliyekuwa tukikaa naye.

Mwaka huo surua ikaingia kijiji cha jirani. Nesi Rukia, mama wa mjini Malindi aliyekuwa akivaa buibui juu ya sare yake nyeupe, akaniita pembeni. "Kaka Katana," akasema, "nimeliomba gari lije kwenu siku moja na chanjo. Watu wakija, nitapata la kusema, muwekwe kwenye safari ya kila mwezi. Wasipokuja, gari litapelekwa kwingine, nami sitaulizwa tena."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Malindi nilikuwa nimeliona gari la sinema likipita na kipaza sauti juu, na watoto kwa wakubwa wakilikimbilia. Nikaona dawa ni hiyo. Nikamwendea naibu wa chifu, nikaazima kipaza sauti chake, na siku yenyewe kulipopambazuka nikapanda baiskeli nikazunguka kijiji kizima nikiita watu walete watoto bandani, na asiyekuja atajuta mwenyewe. Sauti ninayo, hilo hata maadui zangu hawabishi. Kisha nikaenda kuazima mabenchi ya kanisani, nikayapanga kwenye banda la makuti la shule ya watoto wadogo, nikayafuta vumbi, nikakaa.

Gari lilifika. Nesi Rukia akateremka na sanduku lake la barafu, akaliweka kivulini. Dereva akatazama mabenchi, akanitazama mimi.

"Bwana daktari," akasema, "tuanze na benchi lipi? Hili la mbele naona lina homa."

Nesi akamwambia anyamaze, lakini uso wake nao ulikuwa umeinama. Tukangoja. Jua likapanda. Hata kuku hakukatiza. Kutoka pale bandani niliona paa za watu, na moshi haukuwa ukitoka kwenye hata moja. Kila mara Nesi alifunua sanduku kidogo, akagusa barafu, akalifunika. "Haitavuka alasiri," akasema.

Mwanangu, nimelala njaa, nimeanguka kutoka juu ya kenchi za paa nikavunjika bega, nimetapeliwa na watu niliowaamini. Hakuna kilichonifanya nijione peke yangu duniani kama yale mabenchi.

Aliyetokea alikuwa ajuza mmoja, Hawe Kadzo. Hawe ndiyo bibi, kwetu. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na kijijini kazi yake ilikuwa moja: kukiwa na arusi au matanga, yeye ndiye aliyetumwa nyumba hadi nyumba kualika watu. Akaja taratibu na fimbo yake, akachagua benchi la mbele, akaketi, akatulia kama mtu aliyewahi mapema.

"Shikamoo, Hawe," nikasema.

"Marahaba, mwana wa Ngala. Arusi yako nzuri. Bibi arusi ni huyu wa buibui?"

Dereva akacheka mpaka akashika usukani. Mimi nilikuwa na hasira, nikamwuliza watu wako wapi.

"Wako mashambani, vichakani. Wewe asubuhi umepita na mdomo wa naibu wa chifu. Mdomo ule kwetu hutoka kwa kodi au kwa kukamata wagema wa pombe ya mnazi. Wanaume wamebeba mitungi yao wamekimbia, wanawake wamebeba watoto wamewafuata."

"Lakini nilisema ni chanjo."

"Nani alisimama akusikilize? Tena hata wangekusikia. Nyumba ya nani uliingia? Maji ya nani ulikunywa? Mtu aliyepigiwa kelele njiani hajaalikwa. Umewatangazia, hukuwaalika." Akainuka. "Haya, acha hiyo baiskeli. Twende kwa miguu."

Nikamtazama Nesi Rukia. Akaniambia, "Nenda. Mimi na barafu tutakuwa hapa."

Tukaanza kwa Mzee Chengo, mgema, ambaye kila mtu alimwogopa kwa ulimi wake. Hawe akasimama ukingoni mwa uwanja, akapiga hodi, akangoja. Nikataka kuingia, akaniwekea fimbo kifuani. Mzee Chengo akajitokeza nyuma ya nyumba, amejaa majani kichwani.

"Hawe Kadzo, karibu. Na huyu? Si huyu aliyetulilia alfajiri kama mbuzi aliyefungiwa?"

"Ndiye. Nimekuja naye."

"Mwambie nimemwaga mtungi mzima kwa sababu yake. Kuna watu wamemwaga machozi kwa mambo madogo kuliko hayo."

Tukatandikiwa mkeka. Maji yakaja kwenye kata, tukanywa. Hawe akauliza hali ya mgongo wa mzee, akauliza mihogo, akauliza kuku mmoja mwekundu aliyepotea mwezi uliopita, kama alionekana. Alionekana. Habari za kuku yule zilikuwa ndefu. Mimi nilikuwa nikiiona barafu ile machoni mwangu, inadondoka tone kwa tone. Nikafungua mdomo nianze habari za chanjo, Hawe akanitupia jicho nikaufunga.

Alipoona wametulia ndipo akasema, "Chengo, nimekuja kukualika. Mwana wa Ngala ana shughuli yake bandani leo. Kuna nesi ametoka mjini na dawa ya kuzuia surua. Watoto wa kijiji cha jirani wameanza kuzikwa."

Mkaza mwana wa Chengo, Nyevu, alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, kichwa kimeegemea upande. Mzee Chengo akamtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Na wewe, mtu wa serikali. Dawa hiyo wewe ungemdunga mwanao?"

"Sina mwana, mzee," nikasema. "Sina mtu. Ningekuwa naye ningemweka benchi la kwanza."

Sijui nilivyolisema nilikuwa na uso gani. Akakuna kidevu. Kwetu aliyealikwa hujibu kwa kutaja nani atakwenda, na akishataja, ni aibu kurudi nyuma. "Atakwenda Nyevu na mtoto," akasema. "Nami nitakwenda kumwona huyo nesi, nimwonyeshe mgongo."

Tukaenda nyumba ya pili, na ya tatu. Kila mahali maji, kila mahali habari. Lakini lilikuwa linatokea jambo ambalo sikulitarajia: watu walipomwona Hawe Kadzo anatembea, walijua kuna mwaliko, wakaanza kutoka vichakani wenyewe kutuuliza ni kwa nani. Njiani nikamwuliza kwa nini alikuja bandani ilhali yeye hana mtoto wa kuchanjwa.

"Niliwahi kuwa nao wawili," akasema bila kusimama. "Surua iliwachukua msimu mmoja. Tangu hapo natandika mkeka jioni, hakuna anayekuja kukaa. Leo nimekuona umepanga mabenchi. Nikasema, yule namjua ana nini."

Tuliporudi bandani Nyevu alikuwa kwenye benchi la mbele, mtoto analia kwa uchungu wa sindano, na Mzee Chengo anamweleza Nesi Rukia habari za mgongo wake tangu ujana. Nyuma yao mabenchi mawili yamejaa na wengine wamesimama. Dereva alikuwa akipanga foleni, hana tena mzaha. Barafu ilikwisha jua likiwa bado juu, na wapo waliofika sanduku limeshafungwa. Nesi Rukia akawaambia, "Mwezi ujao, dada zangu. Gari litakuja." Akanitazama aliposema hivyo.

Na gari lilikuja. Surua nayo ilikuja, ikapita kwetu, lakini haikutufanya kama ilivyowafanya wenzetu. Mtoto wa Nyevu leo ndiye dereva wa lori langu, ana tumbo kubwa na ubishi wa babu yake.

Baadaye nilikwenda Watamu, mahoteli yanajengwa, nikaanza kwa kubeba mawe. Kupanda kwangu nitakusimulia siku nyingine ukiwa na nafasi, maana si hadithi fupi. Nikiwa huko, muuza samaki wa baiskeli akaniambia Hawe Kadzo amefariki, hajazikwa, na nyumbani kwake wamekaa majirani wachache tu. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Wa kualika watu si alikuwa yeye?"

Nikashuka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Msimamizi akaniambia nikiondoka nisirudi. Nikaondoka. Nilipofika kijijini sikupitia kwangu. Nilianza ukingoni mwa uwanja wa nyumba ya kwanza, nikapiga hodi, nikangoja, nikaketi, nikanywa maji, nikauliza kila mtu kwa jina lake, kisha nikasema nimekuja kualika. Mzee Chengo alikuwa ameshakuwa kipofu. Akaijua sauti yangu.

"Leo umekuja kimya," akasema. "Basi tutakwenda wote, na mimi mnishike mkono."

Watu walijaa mpaka mikeka ya kijiji ikaisha. Mjane asiye na mtoto alizikwa kama mama wa kijiji kizima.

Siku hizi simu yangu hulia, natazama, ni arusi ya mtoto wa fulani, ujumbe umetumwa kwa watu wote kwa mkupuo, nami nimo humo. Huwa natuma mchango, siendi. Wanangu wako Mombasa na Uarabuni, wananipigia, wanauliza afya. Sebule yangu ina makochi ya kukalia kijiji. Mimi hukalia moja. Wakati mwingine jioni nasikiliza lango, na najiuliza siku yangu ikifika ni nani atakayepita nyumba hadi nyumba.

Kwa hiyo mwanangu, shika haya. Ile simu na lile koti ni vya kukusaidia, visikutangulie kuingia kwa watu. Siku ya chanjo, ya kupima watoto, ya kugawa vyandarua, usitume ujumbe ukaona umemaliza. Nenda kwa miguu. Simama ukingoni, piga hodi, kunywa maji utakayopewa. Habari ya kuku isikilize mpaka mwisho, maana mwenye kuku anakupima kwa hiyo. Wazee waombe kabla ya wazazi. Na katika kila kijiji kuna mtu mmoja anayetandika mkeka jioni na hakuna anayekuja. Mtafute huyo kwanza, umfanye mwenzako wa kazi, maana anaijua thamani ya mgeni. Upweke wa kazi yako hautaisha, lakini utakuwa na wa kutembea naye.

Mungu akulinde njiani, aitie baraka miguu yako, akufungulie kila mlango utakaoubisha. Mabenchi yako yajae kabla barafu haijayeyuka. Na ukipita Barani, mwanangu, nyumba yangu utaiona tu, haijifichi. Piga hodi. Maji yapo.