Sanduku la Malkia

Kabla sijafungua ofisi yangu ya upimaji ardhi, kwa jasho langu na bila kushikwa mkono na mtu, nililinda geti la nyumba za wageni Doha kwa miaka minne. Nina diploma ya upimaji. Katika walinzi wote wa geti lile hakuna mwingine aliyekuwa nayo, nami sikuchoka kuwakumbusha. Kilichonichosha ni kusimama.

Mkazi mmoja, mhandisi mzee wa Kiingereza, alipenda mchezo wa kuficha vikopo mjini ili wenzake wavitafute kwa namba za ramani kwenye simu. Nilipomwonyesha cheti changu alikichukua, akasema kampuni yao inataka mpimaji.

"Ijumaa tafuta kikopo changu," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu, akinipa namba za ramani. "Kiko chini ya posta boksi ya zamani, ya enzi ya malkia wetu. Nitakuwa pale mpaka saa tisa. Ukikipata, Jumapili nakupeleka kwa bosi."

Ijumaa nilitoka zamu ya usiku, saa kumi na mbili mfululizo, miguu imevimba. Mwenzangu wa chumbani kule mtaa wa Najma, dereva Mganda, aliacha ibada yake ya Ijumaa kanisani Mesaimeer ili anisindikize. Simu ilituonyesha njia. Tulipopita posta nikasimama.

"Ni hapa."

"Mshale unasema bado mita mia mbili, ssebo," alisema, yaani bwana kwa Kiganda chao.

"Simu huyumba karibu na majengo marefu. Hayo nimeyasomea."

Kwetu posta boksi ni S.L.P.: kijisanduku chenye namba na kufuli, ukutani, pamoja na vya wenzako mia. Na pale barazani vilikuwepo, safu juu ya safu. Nikapiga magoti kwenye joto lile nikipapasa chini ya kila safu. Mlinzi wa posta, Mkenya mwenzangu, akaja.

"Vipi, boss, umeangusha funguo?"

"Natafuta sanduku la malkia."

"Namba ngapi?"

"Halina namba."

"Sanduku la posta halina namba? Na huyo malkia anakuja kuchukua barua saa ngapi?"

Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilirudia safu zote upya. Saa nane na nusu akaacha kucheka.

"Diploma, wewe si mpimaji? Fuata kipimo basi."

Nilifuata kwa hasira. Mshale ulitufikisha kwenye ua wa mgahawa wa chai wa Kiingereza, na pale ilisimama nguzo nyekundu ya chuma, taji na herufi za malkia zimechongwa kifuani, mdomo mwembamba wa kutumbukizia barua. Mwenye mgahawa aliileta kwa meli kutoka kwao. Mzee angesema sanduku la barua ningemwelewa tangu mwanzo.

Alikuwa mezani, cheti changu ndani ya bahasha mbele yake. Saa tisa kasoro dakika tano. Kikopo nilikipata mara moja, kimenata kwa sumaku chini ya nguzo. Nikaandika jina langu kwenye karatasi iliyokuwa ndani yake.

"Vizuri," alisema. "Mbona umechelewa hivyo?"

Ningeweza kusema nilikosea neno. Nilikuwa nimechoka, na mwenzangu alikuwa ananitazama.

"Namba zako, bwana. Zimekosea kwa mita mia mbili."

Alivaa miwani, akainuka, akaweka simu juu ya nguzo na kusubiri. Kisha akanigeuzia kioo nione. Tofauti na namba alizonipa ilikuwa mita tatu.

Alinirudishia bahasha kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akaniagizia chai, akaaga bila kutaja Jumapili wala bosi.

Chai ile mwenzangu aliinywa yote. "Ungemwambia tu umekosea," alisema.

"Nyamaza."

Basi la Najma lilichelewa. Nilisimama kituoni nikihesabu saa zilizobaki kabla ya zamu, na getini pale nilisimama miaka miwili zaidi.