Mikanda ya Mgomba kwenye Muringa wa Baba

Majuzi nilipita bustani ya mjini Embu, nikakuta vijana wakifunga magunia kwenye mashina ya miti. Nikawatania: kwani miti imeshikwa na baridi? Wakaniambia ni mtego wa viwavi, siku hizi bustani hainyunyiziwi dawa kwa sababu watoto huchezea hapo. Nilitaka kucheka, badala yake machozi yakanitoka. Ndugu yangu, kazi hiyo niliifanya nikiwa msichana asiye na meno ya mbele.

Ilikuwa miaka ya Emajensi, wakoloni walipotangaza hali ya hatari kupambana na wapigania uhuru walioingia msituni. Tulikuwa tumehamishwa sote, tukasongamana katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki. Katikati paliachwa uwanja wa watu wote, na uwanjani mti mmoja tu, muringa, kwa kuwa homugadi, wale walinzi wa serikali waliotuchunga, walipenda kivuli chake. Kabla ya kijiji, pale palikuwa shamba letu. Baba alikuwa ametundika mzinga wa nyuki juu ya muringa ule, kisha akashikwa, akapelekwa kizuizini tusikokujua. Cucu, mamake baba, alikuwa na neno moja kila jioni akikoroga uji wa mtama: "Nyuki wakikaa, mwenyewe atarudi." Mimi niliamini kabisa.

Mvua kubwa ilipoisha, wakaja nondo, wale vipepeo wa usiku wenye rangi ya vumbi, wakataga mayai, na muringa ukajaa viwavi wenye manyoya. Ukisimama chini ulisikia majani yakitafunwa. Viwavi wakawaangukia homugadi shingoni. Hedimani, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali, akasema mti utamwagiwa dawa ya unga, ile waliyotutia vichwani kuua chawa, na dawa ikishindwa, shoka.

"Na nyuki je?" cucu akauliza.

"Nyuki pia ni wadudu, mama."

Cucu akamwomba siku chache tu. Katika ile saa moja tuliyoruhusiwa kwenda mtoni, wanawake wakarudi na maganda makavu ya migomba juu ya mitungi. Tukayafunga kuzunguka shina, mapana, yamelegea upande wa chini. Kiwavi hula usiku, cucu alisema, jua likitoka hutafuta pa kujificha. Mpe nyumba, ataingia mwenyewe. Asubuhi unafungua, unakung'uta, kuku wanamaliza.

Lakini asubuhi ya kwanza homugadi mmoja aliiona ile mikanda akapiga firimbi. Walidhani ni alama ya watu wa msituni, na kwamba ndani mmefichwa barua. Wooi! Tulikalishwa chini sote, mikono kichwani. Hedimani akaingiza mkono kwa pupa atoe hiyo barua, akautoa umejaa viwavi, akaruka akipiga mayowe. Hakuna aliyethubutu kucheka. Kuku ndio waliokuja mbio. Hedimani akawatazama wakidonoa lile rundo lote, huku akijikuna mpaka kwenye kiwiko, akasema, "Endeleeni na takataka zenu." Habari ya dawa haikutajwa tena.

Basi tukafunga na kufungua, msimu baada ya msimu. Muringa ukachanua meupe, uwanja mzima ukanukia, na nyuki wakavuma juu ya vichwa vyetu tulipohesabiwa kabla ya kwenda kazi ya bure. Jamani, natamani kuusikia mvumo ule hata mara moja.

Baba alirudi mchana mmoja, amekonda, hakunitambua. Cucu hakumsalimia hata. Alimpa kwanza kipande cha sega.

"Kumbe hawakuhama?" baba akauliza.

"Wangehamia wapi, na sisi tulikuwa hapa?"

Akala huku akilia, asali ikimtiririka kidevuni, nasi tukamwacha alie.

Muringa ulikatwa barabara ilipopita. Cucu hayupo, baba hayupo. Sasa wanangu nao wako mbali, wengine hata simu hawapigi, na mimi sijui nifunge nini, wala wapi, ili warudi.